Uzi: Maneno ya jeshini yaliyotubakia Uganda – Keya, posho, panda gari, kadogo, saba saba. Karibuni muongezee

Mjukuu wa Keya (Jinja), mwanzisha uzi

Wakuu, heshima zenu.

Kila Mganda akifungua mdomo humu ndani, Watanzania mnaanza: "hicho Kiswahili cha jeshini." Mnatutania, lakini mmelenga penyewe. Wengi wetu huku Kiswahili hatukukikuta kwenye taarabu wala kwenye vitabu vya hadithi. Kilitujia kimevaa buti. Na kila jeshi lililopita hapa liliacha maneno yake: mengine tunayapika jikoni bila kukumbuka yalikotoka, mengine mtu mzima akiyasikia ghafla anaangalia kwanza mlango uko wapi.

Naanza na la nyumbani. Babu yangu alikuwa Keya. Vijana wa leo wanadhani Keya ni jina la ukoo. Ni herufi tatu tu, KAR, yaani King's African Rifles, jeshi la Mwingereza lililoundwa 1902 kwa kuunganisha vikosi vyake vya upande huu wa Afrika. Batalioni ya nne ndiyo ilikuwa ya Uganda. Askari walizisikia zile herufi kwa Kiingereza wakazikanda mpaka zikawa neno linalotamkika. Aliyetumikia ni Keya, mkewe ni mke wa Keya, mtoto akizaliwa kambini ni mtoto wa Keya. Kiswahili chao kiliitwa Ki-KAR: ngeli hakuna, salamu ndefu hakuna, vitenzi vimesimama wima kama viko kwenye gwaride. "Wewe kwenda pale. Mimi taka bunduki safi." Mwacholi, Mteso, Mnubi, Mkamba na Mnyasa walielewana kwa hicho hicho, na ndicho walichokwenda nacho Burma mwaka 1944, wakimfukuza Mjapani kwenye bonde la Kabaw lililojaa malaria.

Sasa chukua neno posho. Kwa Keya, posho ilikuwa mgao wake wa chakula, unga uliopimwa kwa kipimo. Tanzania neno likapanda cheo, leo posho ni hela ya kikao na wabunge wanaigombania. Huku kwetu lilikataa kutoka kwenye sufuria. Posho ni ugali wenyewe. Pita shule yoyote ya bweni hapa Busoga saa saba mchana uone: sufuria kubwa juu ya magogo, mpishi kapanda juu ya benchi anasonga kwa mwiko mrefu kuliko mtoto anayesubiri, watoto wamejipanga sahani mkononi, kila mmoja anakatiwa bonge moja na kumwagiwa upawa wa maharagwe. Ukichelewa umekosa. Ukilalamika unarudishwa nyuma ya foleni. Mwingereza kaondoka 1962, utaratibu wake wa kugawa unga uko pale pale.

Jeshi la Amin nalo lilipenda majina makali. Mbarara kulikuwa na batalioni ya Simba, Gulu ya Chui, Masaka waliitwa Suicide, yaani wenye kujiua. Lakini maneno ya kutisha zaidi ya kipindi kile yalikuwa ya upole. Waliokuwa ndani ya serikali ile wakakimbia wamesimulia kwamba amri ya kumuua mtu haikutamkwa kwa jina lake. Ilisemwa "mpe VIP", au "kalasi", neno la Kinubi lenye asili ya Kiarabu, kama mtu anayesema "yameisha hayo". Na ofisi zilizofanya kazi hiyo ziliitwaje? Moja, pale Nakasero, iliitwa Ofisi ya Utafiti ya Taifa. Nyingine, Naguru, ilikuwa Kitengo cha Usalama wa Raia. Ukisoma kibao tu ungedhani wanafanya sensa.

Hapo ndipo ninapotaka uzi wetu uende. Kifupi cha jeshini kina kazi mbili, kufupisha na kuficha, na nchi hii tumeonja sana hiyo ya pili. Ya vita vya msituni vya Museveni kule Luwero nimeyaacha makusudi, najua humu kuna wenye nayo. Tupieni.

Kashozi Boy (Bukoba)

Mkuu, nimekaa mkao wa kula. Ngoja nianze na Saba Saba kwa sababu inanichekesha kila nikivuka mpaka pale Mutukula.

Kwetu Saba Saba ni tarehe saba mwezi wa saba, siku TANU ilipozaliwa 1954. Leo ukimwambia mtu wa Dar "twende Saba Saba" anafikiria maonyesho ya biashara, soda na watoto kupotea kwenye umati. Sasa niko Masaka, namwambia mzee mmoja mwenye hoteli kwamba tutakuwa na mapumziko ya Saba Saba. Akaniangalia hivi. "Nyinyi bado mnayo ile kitu?"

Kumbe kwao Saba Saba ni mzinga! Ni ile BM-21 ya Mrusi, lori lenye mirija 40 mgongoni, kila mrija unatema roketi ya milimita 122. JWTZ walikuja nayo kwenye vita vya kumwondoa Amin, 1978 na 1979, na aliyeisikia ikifyatuliwa mfululizo hakuhitaji kuelezwa mara ya pili. Waganda waliipa jina letu la sherehe wakabaki nalo. Mzee yule aliniambia watoto Masaka walikuwa wakiigiza mlio wake kwa midomo, halafu wote wanalala chini.

Na sisi wenyewe tuliitwa Bakombozi. Wakombozi, lakini kwa kiambishi cha Kiganda. Mwanzoni jina tamu kabisa, Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979 watu walicheza barabarani. Baadaye, kadiri askari wa kila aina walivyozidi kukaa, nasikia jina lilianza kusemwa kwa mdomo wa pembeni. Wenyeji mtanisahihisha.

Mwanambombo

Nami naingia kwa upande wa Wanubi, maana tukiongelea lugha ya jeshi Uganda bila sisi mtakuwa mmepika pilau bila nyama.

Mnajua afande limetoka wapi? Ni Kituruki, efendi, bwana. Waturuki wakalipeleka jeshi la Misri, Misri ikalipeleka Sudani, na askari wa Kisudani wa Emin Pasha, gavana wa Misri kusini mwa Sudani, waliobaki huku juu ya Ziwa Albert ndio waliokuja nalo. Mwingereza Lugard aliwachukua 1891 na kamanda wao Selim Bey, akawaingiza Uganda, na wajukuu zao wengi ndio sisi wa Bombo. Vyeo vyao vyote vilikuwa vya Kituruki: bimbashi ni meja, shaush ni sajini, ombasha ni koplo. Mjerumani naye aliajiri Wasudani kwa ajili ya Tanganyika, kwa hiyo ombasha na shaush walikuwapo mpaka huko kwenu Kashozi Boy.

Vyeo vile vimekufa vyote. Kimebaki efendi peke yake. Mwingereza alipotaka kuwapandisha Waafrika bila kuwapa uofisa kamili, alikifufua hicho hicho: efendi, cheo cha juu kabisa ambacho Mwafrika wa KAR aliweza kufika kabla ya kupewa nyota. Idi Amin alikipata 1959. Mwaka 1961 ndipo akafanywa luteni, yeye na Shaban Opolot.

Leo afande ni wa kila mtu. Jenerali ni afande, mlinzi wa benki ni afande, trafiki wa Wandegeya ukiwa hujafunga mkanda ni afande mara tatu kwenye sentensi moja. Wakati wa msituni NRA, jeshi la Museveni, hawakuwa na vyeo rasmi vya meja na kanali, vilikuja 1988, kwa hiyo mkubwa yeyote alikuwa afande tu. Ndiyo maana wakongwe wa vita ile hata leo mmoja akimwita mwenzake "Afande Fulani", heshima yake ni zaidi ya kumtajia cheo.

Nakku wa Kisenyi

Mjukuu wa Keya, ssebo, uzi mzuri, ila umeruka pabaya kuliko pote. Panda gari.

Kwa wageni: ni kipindi cha pili cha Obote, 1980 mpaka 1985, jeshi ni UNLA. Askari wanazingira mtaa alfajiri, wote mnatolewa nje, wanaume wanapandishwa kwenye lori kwenda kuchambuliwa nani ni mwasi. Wengine walirudi jioni, wengine baada ya wiki kadhaa, wengine hapana. Amri ilikuwa hiyo hiyo maneno mawili. Basi watu waligeuza amri ikawa jina la tukio. Hata katika Luganda safi mtu atakwambia fulani alichukuliwa mu panda gari. Hatusemi msako, hatusemi operesheni.

Mama yangu ana miaka sabini na kitu. Nikiwa naye Old Taxi Park, kondakta akipiga kelele "panda, panda, Ntinda!", mama anashika mkono wangu kwanza, halafu anageuka kuangalia ni nani aliyesema, halafu ndipo anaingia. Kila safari. Yule kijana kondakta hajazaliwa wakati huo, hana habari.

Na wale waliofuatilia watu walikuwa na kifupi chao pia: NASA. Ndiyo, NASA. Shirika la Usalama wa Taifa la Obote. Mtoto wangu alikuja na fulana yenye nembo ile ya Wamarekani ya anga za juu, bibi yake akamwambia akaivulie huko huko nje.

Lakini nina neno na wewe. Mnatusingizia jeshi kwenye kila kitu. Baganda tulikikataa Kiswahili kabla hata babu yako hajapanda meli ya Burma. Gavana Gowers alipotaka kisambazwe shuleni, mwaka 1927, Buganda ilipinga, na Kabaka Daudi Chwa mwenyewe akaandika 1929 kueleza kwa nini. Hofu ilikuwa Luganda kumezwa, na nyuma yake hofu ya kuunganishwa na Kenya ya walowezi. Hakuna lori hapo, hakuna bunduki.

Mjukuu wa Keya

Nakku nyabo, hapo kwenye Daudi Chwa umenipiga na nondo, sibishi. Ila naomba utenganishe kukataa na kuogopa. Wazee wa Mengo, makao ya Kabaka, wa 1929 walikikataa Kiswahili wakiwa wamekaa kwenye viti wanaandika barua. Mama yako anakiogopa akiwa amesimama kwenye stendi. Kati ya hao wawili yalipita majeshi manne.

Halafu kuna Amin, ambaye mwaka 1973 alikitangaza Kiswahili lugha ya taifa. Kama unataka Waganda wakichukie kitu kwa miaka hamsini, mpe Amin akitangaze. Ilibidi Katiba irekebishwe 2005 ndipo kikawa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe shuleni kwa lazima. Walimu wako wapi, hilo ni swali la uzi mwingine.

Nakku wa Kisenyi

Sawa, hapo kwenye kuogopa nimekuachia. Kwenye kukataa bado.

Jaduong' Kisumu

Jirani zenu tunapita kusalimia. Huku kwetu Nyanza Keya tunalo pia, lakini lenye utamu ni Panyako. Vita ya pili ya dunia kulikuwa na kikosi cha kazi, Pioneer Corps, wachimba mitaro na wajenga barabara. Wazee wakaliita Panyako, na mpaka leo mtu akisema "alikuwa Panyako" anakuwekea mwaka na kazi kwa pamoja.

Na baba yao wote ni Kariakoo. Hiyo ni Carrier Corps, wapagazi wa vita ya kwanza, waliobeba mizigo ya Mwingereza dhidi ya Mjerumani na kufa kwa magonjwa na njaa kuliko risasi. Dar mna Kariakoo, Nairobi tuna Kariokor, na sehemu zote mbili leo watu wanauziana viatu na vitenge. Asilimia kubwa ya wanunuzi hawajui wamesimama kwenye neno la jeshi.

 

Goma Express

Nikae kwenye kadogo, maana nyinyi Waganda mmelianzisha na sisi Wakongo tumelipia.

NRA ilianza tarehe 6 Februari 1981 kwa kuvamia kambi ya Kabamba na bunduki 27, kama wenyewe wanavyosema. Vita vilipokuwa vinaendelea Luwero, watoto ambao wazazi wao waliuawa au walipotea walijikuta wamo jeshini. Wakaitwa kadogo. Neno la huruma kabisa, mama angeweza kumwita mwanawe hivyo. Januari 1986 Kampala ilipotekwa, dunia ilipiga picha za watoto wenye bunduki karibu ziwafike mabegani.

Tarehe 1 Oktoba 1990 Wanyarwanda waliokuwa NRA wakavuka mpaka na kuingia kwao, na Kiswahili cha NRA wakaenda nacho. Mwishoni mwa 1996 vita vikaja kwetu, waasi wa AFDL wa Laurent Kabila, na majeshi ya Rwanda na Uganda nyuma yake. Huko Kivu watoto waliingizwa kwa wingi, na jina lilikuwa limeshawasubiri: kadogo. Tarehe 17 Mei 1997 waliingia Kinshasa kwa miguu, wengine na buti za mpira, mji unaosema Lingala ukashangaa hawa wadogo wanaowaamrisha kwa Kiswahili. Kabila aliwaweka wengine wao karibu naye kama walinzi. Mmoja wao ndiye aliyempiga risasi, Januari 2001.

Neno limetoka Luwero mpaka ikulu ya Kinshasa kwa miaka isiyofika ishirini. Na muangalie ujanja wake: ukisema "askari mtoto", watu wa haki za binadamu wanakuja na daftari. Ukisema kadogo, kila mtu anatabasamu. Mjukuu wa Keya amesema kuficha. Hili linaficha kuliko VIP ya Amin, kwa sababu halikutungwa na mkatili ofisini. Lilitungwa kwa mapenzi.

Mjukuu wa Keya

Goma Express, hii ndiyo niliyokuwa naitafuta. Na wenyewe wanalitamka kwa fahari, ukikutana na kanali wa miaka hamsini na kitu anakwambia "mimi nilikuwa kadogo" na anaagiza soda nyingine. Sijui nimwambie pole au hongera.

Lapwony Gulu

Nimewasoma wote. Kaskazini bado hamjafika, kwa hiyo nifupishe, maana mimi mwenyewe mambo haya siyapendi sana.

Kwetu jeshi la serikali ni mony. Waasi wa Kony, LRA, waliitwa olum, kutokana na lum, nyasi, porini. Hukutaja jina LRA sokoni, ulisema "olum wamepita". Ndani ya LRA kamanda aliitwa lapwony, mwalimu. Nami nimelichagua jina hilo humu kwa sababu ni mwalimu kweli, wa shule ya msingi, na sitaki neno la kazi yangu wabaki nalo wao. Wasichana wadogo waliotekwa, ambao bado hawajapewa mwanamume, waliitwa ting ting. Haya.

Upande wa serikali kulikuwa na "gunship", helikopta ya vita. Bibi asiyejua neno jingine la Kiingereza alilijua hilo, na alijua kutofautisha mlio wake na wa helikopta ya chakula. Operesheni zilikuwa na majina ya kishujaa, Ngumi ya Chuma mwaka 2002, Radi mwaka 2008 kule Garamba, Kongo, na watu kwenye kambi za wakimbizi wakisikia jina jipya redioni walianza kufunga magodoro.

Redio Namba Mbili

Nilikuwa Mogadishu na UPDF, jeshi la Uganda la sasa, sitasema lini wala kikosi gani. Nitasema maneno tu.

Kwanza SMG. Raia wanasema AK, magazeti ya nje yanasema Kalashnikov. Kwetu ni SMG tangu siku ya kwanza depoo, hata ukiulizwa usingizini. OC ni mkubwa wa kombania, CO wa batalioni, na msaidizi wake ni 2IC, inatamkwa "tuwaisi", tena kwa haraka hadi inakuwa jina la mtu. G2 ni ujasusi. Ukisikia "G2 anakutafuta", unaanza kukumbuka wiki nzima ulisema nini na nani. RV ni mahali pa kukutana mkitawanyika. Hiyo ilitoka msituni na haijawahi kustaafu. Ukikutana na mkongwe mjini anakwambia "RV yetu ni pale kwenye kituo cha mafuta, saa kumi".

Somalia ilitupa yake. Uganda ndiyo ilikuwa ya kwanza kufika na AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika, Machi 2007. K4 ni makutano ya barabara, Kilomita Nne, ukiangalia kwenye ramani ni duara tu. Kwa sisi ilikuwa nusu ya vita. "Technical" ni pikapu yenye bunduki kubwa iliyofungwa nyuma. Maelezo yanayotolewa sana ni kwamba mashirika ya misaada miaka ya tisini yalilazimika kuajiri wenye silaha wa kuyalinda, na kwenye hesabu zao yakaandika ni msaada wa kiufundi. Mjukuu wa Keya, hiyo unaweza kuiweka kwenye kabati lako la kuficha, tena imefichwa na watu wema.

Halafu IED, bomu la kutegwa barabarani. Ukiwa kwenye gari hutaki hata kulitaja. Tuliokuwa nao kwenye Mamba, ile gari ya deraya, walisema "mbele kuna kazi" na dereva akaelewa. Herufi tatu ni za ripoti. Ndani ya gari watu wanasema Kiswahili.

Mtoto wa Ntungamo

Wakuu, uzi umetulia, madini matupu. Swali la pembeni: hawa Wazungu nao wana maneno hivi au ni vifupi tu?

Jaduong' Kisumu

Wanayo mpaka basi. Wamarekani vita ya pili walikuwa na SNAFU. Kwa tafsiri ya watu wazima wenye heshima: "hali ni ya kawaida, kila kitu kimevurugika". Herufi ya nne ina tusi, nimelirukia. Ukitoroka kambini ni AWOL, hayupo na hana ruhusa. Wanajeshi wa Kiingereza nao waliandika SWALK nyuma ya bahasha za wapenzi wao, maana yake imefungwa kwa busu la mapenzi, na ofisa mkaguzi wa barua anasoma yote hayo.

Ila linalonifurahisha mimi ni Blighty. Vita ya kwanza, Mwingereza akiwa kwenye handaki Ufaransa aliita nyumbani kwao Blighty. Walilitoa India, bilayati, mtu au kitu cha ng'ambo, na hilo limetoka kwenye wilaya ya Kiarabu. Sasa sisi Ulaya yetu tumeitoa wapi? Huko huko kwenye wilaya. Yaani Keya na ofisa wake Mwingereza walikuwa wanaitaja nchi ile ile kwa neno lile lile na hakuna aliyejua. Jeraha la kutosha kukurudisha nyumbani bila kukuua waliliita "Blighty" pia, na watu waliliombea.

Kashozi Boy (Bukoba)

Hiyo ya Blighty na Ulaya naiba, naenda kuringia nayo kazini.

Mjukuu wa Keya, halafu mchakamchaka. Kwetu ni kukimbia asubuhi shuleni huku mnaimba, na waliopita JKT wanaongeza kwata na doso. Mganda mmoja akaniambia "nilifanya chaka mchaka wiki tatu, nikapewa cheti." Cheti cha kukimbia?

Mjukuu wa Keya

Hahaha. Huku chaka mchaka ni mafunzo ya siasa ya NRM, chama cha Museveni. Kukimbia kumo, bunduki unafundishwa kuifungua na kuifunga, lakini kiini ni darasa: historia ya Uganda kadiri wao wanavyoieleza. Museveni na FRONASA, kundi lake la kumpinga Amin, walikaa Tanzania na kwenda kwa wapiganaji wa FRELIMO Msumbiji, neno walilibeba kutoka kwenu wakaliongezea ubao na chaki.

Na kabla sijasahau, kifupi kilichofanikiwa kuliko vyote kwenye uzi huu hakuna aliyekitaja. LC. Kule Luwero NRA waliunda kamati za vijiji za siri, kazi yake ni chakula, habari na kuwajua wageni. Zikaitwa RC, mabaraza ya upinzani. Mwaka 1986 zikasambazwa nchi nzima, na baada ya Katiba ya 1995 zikawa LC, mabaraza ya mitaa. Leo unataka kufungua akaunti ya benki, kupata kitambulisho, kuuza kiwanja, kumdhamini mtu polisi: barua ya LC1, ile ya kijiji, na muhuri wake, na "kitu kidogo cha wino". Mwenyekiti anakupigia muhuri kwenye meza ya sebuleni, bibi harusi wa jirani anasubiri zamu yake. Chombo cha vita vya msituni kimekuwa karatasi ya kuombea mkopo. Juu yake yuko GISO, wa usalama ngazi ya gombolola. Herufi ya kwanza Luganda, tatu zilizobaki Kiingereza, na anakuhoji kwa Kiswahili.

Mtoto wa Ntungamo

GISO wetu anahoji kwa Kinyankole, lakini akikasirika anahamia Kiswahili. Tunajua hapo mazungumzo yamekwisha.

Nakku wa Kisenyi

Si nilisema mimi. Amri.

Kashozi Boy (Bukoba)

La mwisho wakuu nikalale. Nimepita kambi moja ya polisi huko kwenu, mwenyeji wangu akaniambia anaishi "mama ingia pole". Nikadhani ni baa.

Mwanambombo

Si baa! Ni vile vijumba vya bati vya duara, vimepangwa mstari kwenye kambi za polisi na jeshi. Mlango wake ni mfupi, mama akiwa na ndoo kichwani lazima aitue, ainame, aingie taratibu, ndipo aivute ndoo. Wanaume wanasema ni jina la heshima kwa mama. Wake zao wana maoni mengine, na saa nane mchana bati likishapata jua haingii mama wala baba.